Kilio Huanza Mfiwa

"Nilimpikia ugali, nikaufunika. Basi."

Msichana aliyekuwa akiyasema hayo alisimama katikati ya bwalo la chakula, meza zimesukumwa ukutani, karatasi mkononi. Maneno hayakuwa yake. Yalikuwa ya mama mmoja anayeanika dagaa kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, ambaye mumewe alitoka na taa zake jioni, na asubuhi mtumbwi ukarudi mtupu, ukivutwa na mwingine.

"Endelea," Mwalimu akasema.

"Ndiyo mwisho, Mwalimu. Baada ya hapo kuna upepo tu."

Mvulana mmoja wa kwenye kiitikio, lile kundi linalosema na kuimba pamoja, ambaye muda wote alikuwa amekalia ndoo ya rangi bila kusema neno, akauliza: "Sasa huyu mama, haya maneno katupa, au tumemchukulia?"

Hakujibiwa. Muda ulikuwa umekwisha. Meza zikarudishwa, na wali maharage ukapakuliwa palepale mfiwa alipokuwa amesimama.

Wiki ya tano hii, swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa sato.

## Faini ya drakma 1,000

Kazi yenyewe iko hivi: igizo, hapa Mwanza, wanafunzi 17, hakuna mtunzi. Nusu ya igizo ni mahojiano na familia ambazo watu wao hawakurudi kutoka ziwani. Nusu nyingine ni Waajemi, tamthiliya ya Aeschylus iliyochezwa Athens mwaka 472 K.K. Ajali kubwa za MV Bukoba na MV Nyerere hawakuzigusa. Misiba ile ina makaburi yake, Igoma na Ukara, na mtu wa hapa hahitaji kusimuliwa. Wao walitaka ajali za mtumbwi mmoja, watu wawili au watatu, zile ambazo hata redio haiziokoti.

Swali la mvulana wa ndoo ni la zamani. Mji wa Miletus, uliokuwa na udugu na Athens, ulianguka mikononi mwa Waajemi mwaka 494 K.K. Mtunzi aitwaye Phrynichus akautungia igizo, msiba ukiwa bado mbichi. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba watazamaji wote waliangua kilio, kisha watu wa Athens wakamtoza Phrynichus faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha balaa lililowapata wenyewe. Wakapiga marufuku pia igizo lile lisichezwe tena na mtu yeyote.

Kosa lake halikuwa uongo. Alisema kweli mno, na mapema mno.

Baadaye anakuja Aeschylus, ambaye mwenyewe alipigana na Waajemi pale Marathon. Anaandika juu ya vita vya majini vya Salamis, vya mwaka 480 K.K., miaka minane tu nyuma. Kwenye viti wamekaa watu waliopiga makasia siku ile. Lakini yeye msiba wote anauhamishia Susa, kwenye jumba la adui. Wanaolia ni wazee wa Uajemi. Anayemsubiri mwanawe kwa hofu ni mama yake mfalme wa Uajemi. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayetajwa kwa jina.

Safari hii hapakuwa na faini. Alishika nafasi ya kwanza kwenye mashindano, na gharama za kiitikio alikuwa amezibeba kijana mmoja aitwaye Pericles.

## Tajiri ni nani?

Wanafunzi hawakufika Susa kwa njia iliyonyooka. Walianza na Antigone ya Sophocles, dada anayemzika kaka yake kinyume cha amri. Sababu inaeleweka: kuna maiti isiyozikwa, na sisi tuna ziwa ambalo wakati mwingine halirudishi. Tatizo ni kwamba Antigone hasimami bila Kreon, mtu aliyekataza. Kule Robben Island wafungwa walipoicheza, Mandela mwenyewe akiwa Kreon, hakuna aliyehitaji kuambiwa Kreon ni nani. Mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, ni tofauti. Ukimsimamisha Kreon tu, watu wanaanza kunyoosha vidole. Nani alichelewesha boti ya kutafuta? Nani alisema tusubiri upepo utulie? Kilichoanza kama kumbukumbu kinageuka kesi, na mshitakiwa hayupo kujitetea.

Wakahamia Waajemi, wakalirudia kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Xerxes, mfalme aliyepeleka watu majini akarudi na nguo zilizochanika, wakamgeuza tajiri: mwenye mitumbwi na mashine, anayekaa mjini na kutuma vijana ziwani. Kwenye karatasi ilipendeza. Walipowaonyesha watu wachache wa mwaloni, mzee wa kwanza kufungua kinywa alisema, "Huyu ni fulani." Akataja na jina. Wa pili akasema hapana, ni fulani yule mwingine. Nusu saa nzima ikaishia kumtafuta tajiri.

Mama wa ugali hakuna aliyemkumbuka.

Tangu siku hiyo Xerxes amerudishiwa jina lake na joho lake lililochanika. Susa imebaki Susa.

## Jodari

Mjumbe anapofika na habari za Salamis, anasema bahari haikuonekana tena kwa wingi wa mabaki ya merikebu na maiti. Fukwe zimejaa, majabali yamejaa. Wagiriki wameshika vipande vya makasia, wanawapiga waliomo majini kama jodari waliovuliwa.

Aliyepewa kutafsiri sehemu hiyo aliandika "kama sangara". Ubishi ulimaliza kipindi kizima. Jodari ni samaki wa Pwani, wakasema, Mwanza nani amemwona jodari?

Mimi niko upande wa jodari. Ukisema sangara, kila aliyekaa pale anaiona Mwaloni Kirumba, anaiona meza ya kukatia, na mtu wake akiwa juu yake. Hapo umemfungulia Phrynichus mlango. Ukisema jodari, picha inakuja na umbali wake. Anayetaka kuisogeza karibu ataisogeza mwenyewe, kwa kadiri anavyoweza kubeba.

Kwa hiyo cha Kigiriki kibaki kigeni, na cha mwaloni kibaki cha mwaloni mpaka herufi ya mwisho. Ukivichanganya katikati unapata uji wa vuguvugu ambao si wa Athens wala si wa Mwanza.

(Wapo wanaouliza, na kwa haki: Athens ya nini? Tuna Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Tuna tamasha la Bulabo kila Juni, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikigombea watazamaji kwa namna ambayo mtu aliyezoea Dionysia, mashindano ya maigizo ya Athens, angeielewa papo hapo. Jibu langu ni la kiutendaji tu. Ngoma ina wenyewe, na mbolezi ina ukoo. Ukiipandisha jukwaani kuna mjomba atakayeuliza ni nani aliyewapa ruhusa, na mjomba huyo hatakuwa amekosea. Waajemi hawana mjomba hapa.)

## Kabla ya kubonyeza kitufe

Mvuvi wa dagaa hahojiwi siku za giza. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, ndipo wavuvi wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Panga safari wiki ya mbalamwezi. Kwa akina mama wanaoanika, usifike alfajiri, mitumbwi ndiyo inaingia. Fika saa tano hivi, dagaa wakishatandazwa. Uwe tayari kuzima simu wingu likitanda, maana kila mtu atakimbilia kuanua na wewe utatakiwa ushike turubai.

Usiende mikono mitupu nyumbani kwa mfiwa. Sukari kilo mbili na mche wa sabuni, hiyo ni rambirambi, wala haiitwi malipo. Ukianza kulipa kwa dakika utapata dakika nyingi.

Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, la sivyo itaita katikati ya neno lisilorudiwa. Usiilaze mezani, kila kikombe kitasikika kama nyundo. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, mapajani kwa anayehoji, kichwa cha maiki kikiwa ndani ya soksi nyembamba, na anayehoji aupe upepo mgongo. Mazungumzo yakiisha usizime. Acha sekunde 30.

Swali baya kuliko yote ni "Ulijisikiaje?" Jibu lake ni moja kisiwa kizima: "Niliumia, lakini ni mipango ya Mungu." Sentensi hiyo ni ngao, na mtu ana haki ya kuwa na ngao. Muulize vitu. Alibeba nini siku ile? Wewe ulipika nini? Nani alikuletea habari, alisimama wapi, alianzaje? Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa kuliko yote, kwa sababu tamthiliya ya Kigiriki kifo hukiacha nje ya jukwaa ikamleta mjumbe aseme, na kila nyumba iliyofiwa ina mjumbe wake. Mmoja alikuja akaomba maji ya kunywa kwanza. Mwingine alisimama mlangoni akauliza bei ya dagaa.

Kisha kuna kuandika. Saa moja ya sauti inakula saa tano za kalamu, ukiwa makini. Mstari unakatika pumzi inapokatika. Mkwaju (/) mmoja ni kituo kifupi, mikwaju miwili ni kile kimya ambacho hata anayehoji ameanza kuogopa. "Yaani" inabaki. "Si unajua" inabaki. Watu tisa walihojiwa, saa sita za sauti, na zilizofika jukwaani ni dakika 24.

Linaloharibika hapa ni moja, na ni la kwetu kabisa. Mwanafunzi wa Kitanzania amesahihishiwa insha kwa kalamu nyekundu tangu darasa la tatu. Mkono wake unasanifisha bila kumwomba ruhusa. Mzee amesema "nikaona kama vile sielewi elewi", karatasi inaandika "sikuelewa".

## Lafudhi

Kuna mtego mwingine ambao hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachokuonya. Kwenye vichekesho vyetu, lafudhi ya Kisukuma maana yake ni "cheka". Mwigizaji akimwiga mzee wa mwaloni kwa uaminifu wote, sauti, lafudhi na mkongojo, hadhira inacheka kabla hajamaliza sentensi. Ilitokea kwenye mazoezi, na waliocheka walikuwa Wasukuma wenzake.

Dawa waliyoipata: acha lafudhi, shika pumzi. Maneno yaleyale, mpangilio uleule, vituo vilevile, lakini kwa sauti ya mwigizaji mwenyewe. Kwa baadhi ya wahojiwa walijaribu spika ya sikioni, mwigizaji anasikiliza na kurudia nusu sekunde nyuma. Inafaa kwa mazoezi, kwa sababu inamzuia mtu kunogesha. Kwa onyesho siiamini. Iwe ya waya, maana zile za bluetooth huchelewa na mwigizaji anajikuta anakimbizana na mzee. Hata hivyo, kipande kikizidi sekunde 90 masikio yanachoka na maneno marefu ya Kiswahili yanaanza kupandana.

Sauti ya mama wa ugali hawakuijaribu. Upepo ulikuwa umeimeza nusu.

## Malkia na bakuli

Sentensi ile ilihamishwa mara tatu.

Mwanzoni kabisa haikushika, watu walikuwa bado wanatafuta pa kukaa. Mwishoni, baada ya Xerxes, ilizimwa na mayowe ya mfalme. Mara ya tatu wakaipata nafasi yake, na sasa naona kama iliachwa wazi kwa ajili yake.

Kuna mahali malkia, mama yake Xerxes, anarudi jukwaani bila gari lake wala mapambo. Amebeba sadaka za kaburi la mumewe, na anazitaja moja moja: maziwa, asali, maji ya chemchemi, mvinyo, zeituni, maua. Anataka wazee wauite mzimu wa Dario. Mtu wa Dar labda utamweleza hapo kuna nini. Huku kwetu, ambako watu bado wanatambika, bakuli likishuka chini tu bwalo linanyamaza.

Malkia anataja vitu sita, anainama. Msichana anasimama kutoka kwenye kiitikio.

"Nilimpikia ugali, nikaufunika. Basi."

Mwanzoni kiitikio kilikuwa kikivumisha wimbo chini ya sauti yake. Ilifanana na muziki wa tamthilia za runinga, ule unaokwambia sasa lia. Aliyeuondoa ni mvulana wa ndoo. Alisema kwao msibani hakuna anayeanza kulia kabla ya mwenye msiba. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Basi ikawa sheria ya igizo zima: neno la mahojiano linasimama peke yake mpaka liishe, zinahesabiwa pumzi nne, ndipo kiitikio kinaingia. Popote walipoivunja, palisikika uongo.

## Vinywa 12

Waajemi inachezeka kwa waigizaji wawili, wakibadilishana malkia, mjumbe, mzimu na mfalme. Waliobaki 15 waligawanywa: 12 kiitikio, watatu vifaa na sauti.

Kusema pamoja kwa Kiswahili ni kazi. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kitenzi kirefu kama "walipokuwa wakirudishwa" kinawaburuza watu kwa mwendo tofauti mpaka wakutane mwishoni, na katikati ni kelele. Sentensi ya wote isizidi maneno manane. Ndefu igawanywe: mmoja aanze, watatu wapokee, wote wafunge. Anayeongoza avute pumzi kwa sauti ya kusikika, asipige mguu. Ngoma isipigwe chini ya maneno hata kidogo, inakula konsonanti zote.

Sehemu ya mwisho ya Waajemi ni orodha. Kiitikio kinamhoji Xerxes: yuko wapi Ariomardos? Yuko wapi Artembares? Majina yanakwenda na kwenda. Wanafunzi wameacha saba tu, kwa sababu ndimi zilikuwa zinagongana. Palikuwa na pendekezo la kuchomeka majina ya waliopotea ziwani kweli. Likakataliwa, na nashukuru. Badala yake, baada ya kila jina la Kiajemi kuna pumzi moja tupu. Kwenye jaribio la pili mama mmoja wa jikoni, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, aliijaza ile ya nne kwa jina, kwa sauti ndogo. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

## Upepo na jua

Bwalo lina paa la bati. Mvua ikinyesha hakuna Mgiriki wala mvuvi atakayesikika, kwa hiyo onyesho litafanyika nje, kwenye majabali ya ufukweni. Mji huu umejaa viti ambavyo hakuna fundi aliyevichonga. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu: waigizaji waligeuzie ziwa mgongo, na sauti itabebwa bure kwenda kwa watazamaji. Ila upande huo ndio wa machweo. Ikipita saa kumi na moja jua linawapiga watazamaji machoni na waigizaji wanageuka vivuli. Igizo ni la dakika 70. Lianze saa tisa na nusu, lisichelewe kusubiri mgeni rasmi.

## Ruhusa ya pili

Ruhusa ya kwanza huombwa kabla ya kurekodi. Ya pili, ambayo wengi huiruka, ni baada ya kipande kuandikwa: unarudi, unamsomea mtu maneno yake kwa sauti, pamoja na yale ya Kigiriki yaliyokaa kabla na baada yake. Usimpe karatasi asaini tu. Anaweza kukata, kubadilisha au kujitoa kabisa, mpaka asubuhi ya onyesho.

Walirudi kwa mama wa dagaa wakiwa watatu, wiki ya mbalamwezi. Mvulana wa ndoo ndiye aliyeomba kusoma. Akasoma maziwa, asali, maji, mvinyo, zeituni, maua. Mama akasikiliza akiwa anachambua dagaa kwenye ungo, akauliza huyo malkia mumewe naye alikufa majini? Akaambiwa hapana, aliyekwenda ni mtoto wake. Akaitika.

Kisha akasomewa yake.

"Rudia, mwanangu."

Akarudia. Mama akaweka ungo chini.

"Mimi sikusema ugali. Nilisema udaga, wa muhogo. Wa sembe siku ile hatukuwa nao."

Simu ikatolewa, ikawekwa sikioni kwa zamu, sauti ikiwa imepandishwa mpaka mwisho. Ndani ya upepo neno lilikuwemo. Mvulana akakata "ugali" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akamwonyesha. Mama akasema yeye kusoma hajui vizuri, amsomee tena.